Zuhura, nijibu kabla ya Ijumaa

Cincinnati, 28 Desemba 2021, usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumai mko wazima nyote, wewe na baba watoto na Bi Mkubwa, na goti lake limepoa. Nimekaa kimya tangu harusi ya mtoto wa Salehe, najua, na lawama zako Mama Rukia kanifikishia zote, hakuna hata moja iliyopotea njiani. Nisamehe, mwenzangu. Habari za kiwanja na za mzee tutazungumza siku nyingine. Leo nina jambo, na katika watu wangu wote muuguzi ni wewe.

Abdi ana korona.

Usishtuke. Homa imeshuka tangu juzi, anakula, ila pua imeziba na kikohozi bado kipo, kikavu, hasa usiku. Jumamosi asubuhi alijipima kwa kile kijiti cha puani, mistari miwili ikatoka hata chai haijapoa. Tangu hapo yumo chumbani, mie namwekea sahani mlangoni, nagonga, naondoka. Nimejipima mara mbili, sina kitu. Kazini wameniambia nisitie mguu kwa sasa, na wana haki, wazee ninaowahudumia wengine wamepita miaka tisini.

Ugonjwa wenyewe si ndio unaoninyima usingizi. Kumbe Ijumaa mtoto alikuwa tayari anakohoa. Nilimsikia bafuni, nikamuuliza, akasema maji yamempalia. Jioni akaenda kazini kwake, akarudi usiku. Jumapili ndipo aliponiambia ukweli, kwa sauti ndogo, mlango ukiwa katikati yetu: "Mama, niliogopa nikijipima nitaikosa mechi."

Sasa hii mechi lazima nikueleze, maana ndiyo kiini cha barua.

Chuo anachosoma, Chuo Kikuu cha Cincinnati, kina timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi na kuangushana. Ubingwa wa vyuo hushindaniwa na timu nne tu, zinateuliwa na kamati, na tangu mtindo huo uanze msimu wa 2014 wamekuwa wakichukua timu za zile ligi kubwa, au Notre Dame, ambayo ni kubwa kwa jina lake yenyewe. Ya kwetu inatoka ligi ndogo. Mwaka jana walimaliza msimu bila kufungwa wakaachwa nje, wakapewa mechi nyingine na Georgia siku ya mwaka mpya, wakafungwa kwa pointi tatu, 24 kwa 21. Mwaka huu wamecheza 13, wameshinda 13, na Notre Dame wamemfunga nyumbani kwake, 24 kwa 13. Kamati ikashindwa kuwaruka. Ni timu ya kwanza ya ligi ndogo kufika hapo. Ijumaa wanacheza nusu fainali na Alabama, huko Arlington, Texas, saa tisa na nusu alasiri ya kwetu, kwenu itakuwa saa tano na nusu usiku. Mwambie mumeo afikirie Coastal Union imefika nusu fainali ya Afrika na mbele yake yuko Al Ahly. Atanielewa.

Mji mzima umevaa nyekundu na nyeusi. Hata yule Mkongo wa duka la unga, ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, kaning'inizia bendera mlangoni.

Basi tarehe 22 wenye mashindano wakatoa kanuni za korona. Timu isiyoweza kucheza nusu fainali kwa sababu ya ugonjwa, imetoka. Mwenzake anapewa ushindi wa mezani na kwenda fainali. Zikishindwa kucheza timu zote mbili za nusu fainali moja, mshindi wa nusu fainali ya pili ndiye bingwa bila kucheza fainali. Fainali yenyewe ni tarehe 10 Januari, nayo wameiruhusu isogee hadi tarehe 14 ikibidi. Nusu fainali haisogei hata siku moja.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokwama, Zuhura. Mwaka jana, korona ikiwa kali na chanjo bado, nusu fainali ya Pasadena waliihamisha kutoka California hadi Texas, jimbo hadi jimbo, kwa kuwa California haikuwaruhusu hata wazazi wa wachezaji kuingia uwanjani. Waliweza. Mechi nzima, na televisheni zake na hoteli zake, ikabebwa ili mama amwone mwanawe akicheza. Mwaka huu siku mbili tatu za kungojea vijana wapone hazipatikani?

Na si hofu ya bure. Tarehe 23 timu ya Hawaii ilijitoa na Memphis wamekwisha kufika Honolulu, mechi ilikuwa kesho yake. Texas A&M nao wamejitoa ya kwao. Leo hii hii, San Diego, NC State walikuwa wacheze na UCLA jioni, mechi ikafutwa saa chache kabla, mashabiki wamekwisha fika. Abdi alinisomea habari hiyo kwa simu kutoka chumbani, sauti inamtetemeka. Hata makocha wawili wa Alabama walikutwa nayo wiki iliyopita.

Jiweke mahali pa yule kijana wa miaka ishirini aliyevaa jezi. Anaamka Jumatano, koo linamkwaruza. Mwaka jana kwenye ile ligi ya kina Ohio State walipimwa kila siku, na aliyekutwa nayo alikaa nje siku 21, baadaye wakapunguza hadi 17. Ilikuwa kali mno, lakini hakuna aliyekuwa na la kuamua, kijiti kiliamua. Mwaka huu waliochanjwa hawapimwi mpaka waumwe. Na kuumwa, nani anasema? Ni yeye mwenyewe. Akisema, pengine na wanaolala naye chumba kimoja wanapimwa, wanapungua watatu, watano, safu nzima ya mbele. Nyuma yake wako wenzake zaidi ya mia na mji mzima wenye bendera. Akinyamaza, anacheza. Utamlaumuje akimeza mate na kunyamaza? Mie nimemlea wangu kwa kumwambia usiseme uongo, na kwa mechi ya kutazama tu, si ya kucheza, kaniambia maji yamempalia.

Nimemkasirikia, kisha nimelia, kisha nimempikia mbaazi za nazi. Ndiyo hali yangu ya wiki hii.

Sasa jana, tarehe 27, serikali imetangaza kwamba mtu aliyekutwa na korona asikae tena siku kumi, akae tano, mradi hana dalili au zinapungua na homa imemtoka. Baada ya hapo avae barakoa siku tano mbele za watu. Kujipima kabla ya kutoka hakulazimishwi. Hesabu ya Abdi: Jumamosi ni sifuri, Alhamisi ni ya tano, Ijumaa yuko huru. Siku ya mechi! Alipiga kelele chumbani nikadhani kaanguka. Wenzake wanane wanakutana kwa yule rafiki yake wa mtaa wa juu, na pale yupo bibi wa yule kijana, mtu wa kisukari, anayempenda Abdi kama mjukuu wake. Watakula humo, watapiga kelele humo. Barakoa itakaa usoni dakika ngapi?

Tumebishana mlangoni saa nzima. Ananiambia, "Mama, hata kocha wa Alabama, Saban, mwaka jana Oktoba walimkuta nayo Jumatano, akarudia vipimo hana, Jumamosi yuko uwanjani." Nikamwambia Saban hakuwa akikohoa, baba, wewe nakusikia usiku. Akanyamaza. Kisha akasema, "Na Novemba walimkuta tena, kweli anayo, akakosa mechi na Auburn." Alisema mwenyewe, sikumchimba. Hapo nikajua mtoto ukweli anaujua, anachotaka ni mtu mzima wa kumruhusu.

Ningempima Alhamisi, ikitoka hana nimwache aende. Lakini vijiti vimekwisha madukani, nimezunguka matatu leo, nimebaki na kimoja tu, nacho nimekiweka kwa ajili yangu, kwa sababu bila hicho sirudi kwa wazee wangu. Nikimpa Abdi, mie nitajipima na nini? Unaona nilivyo.

Nimefikiria nimwekee televisheni ya sebuleni chumbani kwake, mie niitazamie kwa simu jikoni, tuwe tunaitana ukutani. Sijamwambia. Kaka yake alishasema nikimzuia Abdi hatanisamehe, kwamba mechi hii itasimuliwa miaka hamsini, na kwa hilo nadhani hakosei.

Basi niambie, mwenzangu, wewe unayewashika wagonjwa kwa mikono yako. Siku tano zinatosha kwa mtu anayekohoa bado? Huko kwenu wodini mnahesabu ngapi? Kikohozi kinachobaki baada ya homa kinaambukiza, au ni koo tu linajisafisha? Kijiti kikisema hana siku ya tano, nikiamini? Na kile kimoja nilicho nacho, ungekuwa wewe ungempa nani? Yule bibi nimpigie simu nimweleze, au nitakuwa nimemwaibisha mwanangu mtaani?

Nipe na zako. Ulipata dozi ya pili? Mumeo kapona kifua? Na Mwanaidi, ni kweli kahamia Pangani au ni maneno ya Mama Rukia?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata mstari mmoja, hata sauti. Anakohoa sasa hivi, naenda kumwekea maji ya tangawizi mlangoni.

Wako,
Tatu