Shukrani kwa fundi aliyenifungulia gurudumu

Fundi uliyenifungulia gurudumu la nyuma, jina lako sikuuliza (aibu yangu), asante sana. Nilikuja nikijigamba kuwa gari la haibridi (la petroli na umeme) halimalizi pedi za breki, kwa kuwa mota ndiyo hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Hukunibishia. Ulinionyesha tu pedi ya ndani imelika hadi karibu na chuma, ya nje bado nene, pini ya kalipa (kibanio kinachosukuma pedi) imeganda kwa kutu. Kumbe breki isiyofanya kazi sana nayo huharibika! Ukaisugua pini, ukaipaka grisi, ukasisitiza mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati hata pedi zikiwa nzima. Ile pedi iliyolika ninayo bado, nawaonyesha wenye majigambo kama yangu.