Nyoka mmoja anatosha

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa Jumanne mmeupamba kwa fimbo yenye mabawa na nyoka wawili waliosokotana. Mimi ni mchora mabango hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kosa hilo nalijua kwa kuwa nimelifanya mwenyewe, tena kwa rangi ya mafuta, kwenye bati la futi sita.

Mwenye duka la dawa alitaka nyoka wawili, nikamchorea wawili. Haikupita wiki, mama mmoja kutoka Isyesye akaingia dukani kuulizia kama mganga yupo. Tulicheka sana. Binti yangu, anayesomea ufamasia, hakucheka. Alinifungulia kwenye simu kurasa za kitabu cha Andrea Alciato, mwanasheria wa Italia, kilichotoka mara ya kwanza Augsburg mwaka 1531. Ni kitabu cha mafumbo: picha iliyochongwa kwenye ubao na kupigwa chapa, na shairi fupi la Kilatini kuieleza. Fimbo ya nyoka wawili imo, mabawa na yote, ila imesimama katikati ya pembe mbili za neema, yaani pembe zilizojaa matunda, alama ya utele, na shairi linasema mwenye akili na ufasaha hukosi kumwona na mali. Ugonjwa hautajwi. Dawa pia.

Kumbe fimbo hiyo ni ya Hermes, mjumbe wa miungu ya Wayunani, mlinzi wa wafanyabiashara na (mnisamehe) wa wezi pia. Ya Asclepius, mungu wa tiba, ni gongo la kawaida, nyoka mmoja, mabawa hakuna. Johann Froben, mpiga chapa wa Basel enzi hizohizo, aliweka nyoka wawili kwenye nembo yake na hua juu yao, kama ile Mathayo 10:16, ya kuwa na busara kama nyoka na upole kama hua. Yeye alikuwa anauza vitabu, kwa hiyo fimbo ya Hermes ilimfaa. Baadaye, mwaka 1902, kitengo cha tiba cha jeshi la Marekani kikaivaa kwenye sare, na wengi wakaiga. Shirika la Afya Duniani lenyewe lina nyoka mmoja.

Bango nimelirudia kwa rangi yangu. Mwenye duka analalamika kwamba nyoka aliyebaki anaonekana mpweke. Ninyi hamtaingia gharama hata ya brashi. Futeni huko huko kwenye kompyuta.

Mchora mabango,
Mwanjelwa, Mbeya