Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru pia wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu na kuvumilia foleni ya Barabara ya Kilwa mpaka ukafika. Wewe ulikaa kwenye madawati haya haya, na leo ni mhandisi wa vifaa tiba, ndiye unayeitwa mashine ya wodini inapogoma. Ndiyo maana tulikutaka wewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu ilishika jambo moja tu: namna ya kuhifadhi umeme kwa kaboni inayokunjika, kwa ajili ya vifaa vinavyokaa mwilini. Jambo hilo lilitoka nyumbani kwa mwenzetu. Bibi yake, anayeishi Tandika, ana kile ambacho watu wa mtaani tunakiita betri ya moyo, yaani kifaa kidogo kinachopandikizwa kifuani na kuupa moyo mishtuko midogo ya umeme ili upige sawasawa. Alikaa nacho miaka, anakwenda sokoni na msibani kama kawaida, halafu akaambiwa arudi chumba cha upasuaji. Mjukuu akaogopa, akamuuliza kama ugonjwa umezidi. Bibi akamjibu, "Ugonjwa uko pale pale, mjukuu wangu. Kilichoisha ni betri."

Neno hilo lilitukaa kooni. Tulikuwa hatujui kwamba betri ile haichomolewi kama ya rimoti: imefungwa ndani ya kasha gumu la titaniamu, na ikikaribia kuisha hubadilishwa kasha zima. Mgonjwa anachanwa upya kifuani na kukaa na kidonda kipya, ilhali kifaa chenyewe hakina hitilafu yoyote.

Tukaanza kusoma. Tukakuta kwamba mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha namna hii mwilini ni Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Mhandisi aliyekitengeneza ni Rune Elmqvist, na daktari mpasuaji ni Åke Senning. Kifaa cha kwanza kilizimika baada ya saa chache, wakaweka kingine. Larsson alibadilishiwa zaidi ya vifaa 20 maishani mwake, akaishi mpaka mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 1972 zilianza kutumika betri za lithiamu na iodini, na tangu hapo betri moja ikawa inadumu miaka mingi zaidi. Lakini kasha limebaki gumu, na mwili wa mtu haujawahi kuwa mgumu. Kifua kinapanda na kushuka, mkono unakunjwa, ngozi inatoa jasho, hasa jasho la Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Hapo ndipo tulipokutana na grafini, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, na tunaomba utuvumilie kidogo kwa sababu hapa ndipo moyo wetu ulipo.

Grafini ni tabaka moja la atomu za kaboni zilizopangwa kama sega la nyuki. Unene wake ni atomu moja tu. Kinywe, yale madini meusi yanayotiwa kwenye penseli, ni matabaka ya grafini yaliyolaliana kama chapati kwenye sahani. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliyabandua matabaka hayo kwa gundi ya karatasi, seloteipu kama ile ya dukani, mpaka wakafikia moja. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Sifa yake tunayoitaka sisi ni eneo. Gramu moja ya grafini ikitandazwa yote, kwa hesabu ina mita za mraba zipatazo 2,630. Gramu tatu zinatosha kuufunika uwanja wa kuchezea wa Benjamin Mkapa kutoka goli hadi goli, na nyingine ikabaki. Betri ya kawaida huhifadhi umeme kwa mabadiliko ya kikemia, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoichosha. Superkapasita, kifaa kingine cha kuhifadhi umeme, hufanya hivyo kwa kuzipanga ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, juu ya uso wa kaboni. Uso ukiwa mpana, ioni nyingi zinapata pa kukaa. Kwa hiyo inajaa haraka, na inaweza kujazwa na kutumika mara laki kadhaa. Mwaka 2012, Maher El-Kady na Richard Kaner wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitumia leza ya kawaida ya kuchomea DVD kutengeneza vipande vya grafini vinavyokunjika bila kupoteza uwezo wake. Mwaka 2017, watafiti wa chuo hicho pamoja na wa Chuo Kikuu cha Connecticut walionesha kipande chembamba cha grafini na protini kinachotumia ioni zilizomo kwenye majimaji ya mwili wenyewe.

Sisi hatuna leza. Tulikuwa na penseli ya 6B kutoka duka la vifaa vya shule Kariakoo, karatasi ya daftari, chumvi ya mezani na betri mbili za tochi. Tulisugua penseli kwenye vipande vya karatasi mpaka vikang'aa kama risasi, tukaweka katikati tishu iliyoloweshwa maji ya chumvi, tukajaza umeme. Siku ya kwanza taa ndogo ya ledi haikuwaka kabisa. Maji yalikauka kwa joto la darasani kabla hatujamaliza hata kupima. Siku ya tatu tulivifunga kwa nailoni ya kujalidia madaftari, tukaunganisha viwili kwa mfululizo, na taa nyekundu ikawaka kwa unyonge, ikazima. Tulipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja mbio. Kisha tukakizungusha kipande kimoja kwenye kifundo cha mkono cha mdogo wetu wa kidato cha pili, akakunja na kukunjua mkono, na mita ikaendelea kusoma volti zile zile. Utakiona mezani kwetu ukipita.

Hatudai kwamba ile ni grafini safi; ni matabaka mengi ya kinywe. Wala hatudai kwamba bibi wa Tandika atawekewa grafini kesho. Kwa uzito ule ule, betri ya lithiamu hubeba nishati zaidi ya mara kumi ya superkapasita za kawaida zilizoko sokoni. Kinachoonekana kuwezekana mapema ni ushirikiano: superkapasita inayokunjika ikipokea umeme unaozalishwa na mwendo au joto la mwili, au unaopitishwa kwenye ngozi bila waya, ili betri ipumzike. Na tunaamini vifaa vya kuvaliwa vitatangulia, kama kibandiko cha kupima mapigo ya moyo au sukari. Kitu cha kukaa ndani ya mwili miaka kumi lazima kwanza kithibitishwe kwamba hakivuji wala hakijeruhi seli, na uchunguzi huo bado unaendelea duniani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nchi yetu ina kinywe kingi, Mahenge wilayani Ulanga na Ruangwa mkoani Lindi. Sisi wenyewe tulikijua kinywe kupitia penseli ya dukani. Jiwe lake hatujawahi kulishika. Hilo linatuuma. Mwaka 1958, mwaka ule ule Larsson alipopasuliwa, wanakemia Hummers na Offeman walichapisha njia ya kugeuza kinywe kuwa oksidi yake, yaani kinywe kilichoungana na oksijeni, na mpaka leo ndiyo njia inayotumika sana kuanzia kutengeneza grafini. Inahitaji asidi kali, na maabara yetu haina kabati la kutolea hewa chafu.

Kwa hiyo tunayo maombi. Tunaomba utusaidie kupata mita mbili za umeme, kwani tunayo moja nayo kifundo chake kimelegea. Tunaomba wanachama wetu wafike karakana ya vifaa tiba unakofanyia kazi, hata kwa siku moja, waone kasha la betri ya moyo lililokwisha muda wake likiwa wazi. Tunaomba utuunganishe na mtu anayeweza kutupatia kipande cha kinywe cha Mahenge. Na ombi kubwa ni kabati lile la maabara. Wazazi wameanza kuchanga, na orodha anayo mweka hazina aliyekaa mstari wa mbele.

Bibi wa mwenzetu yuko hapa pia, ameketi upande wa wazazi, kidonda kimepona. Ameomba akusalimie kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Sayansi