Ikiwa ni batili, mbona tuliendelea kukatwa?

Mhariri,

Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa, na neno "batili" nilidhani nalielewa. Kadhi akitamka kwamba ndoa ni batili, hawaambii wale wawili waendelee kulala chumba kimoja hadi mwezi ujao huku wakijipanga. Ndoa haipo, basi. Ila siku hizi kuna batili nyingine, ile inayopewa likizo kwanza.

Mfano, hapa Kenya, ni ushuru wa nyumba, makato ya mshahara ya kujengea nyumba za bei nafuu. Tulianza kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara Julai 2023, kwa nguvu ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, na mwajiri akatakiwa atoe kiasi hicho hicho. Novemba 28, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba ushuru huo unakiuka Katiba: haukuwa na msingi kamili wa kisheria, tena uliwabagua walioajiriwa rasmi na kuwaacha wengine wenye kipato. Siku hiyo chumba cha walimu kilikuwa kama nyumba yenye harusi, mpaka mwenzetu mmoja aliposoma habari hadi mwisho: utekelezaji wa uamuzi umesitishwa hadi Januari 10. Mshahara wa Desemba ukaingia, na makato yamo.

Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa 600 kwa mwezi. Nusu mwaka ni 3,600. Huku Likoni hizo ni unga na mafuta ya kupikia.

Sisemi majaji hawana sababu ya kusitisha uamuzi wao. Novemba 2020, Mahakama Kuu ilipobatilisha agizo la kulazimisha makontena ya bandari ya Mombasa kusafirishwa kwa reli ya kisasa, SGR, ilisitisha uamuzi huo kwa siku 180. Bandari si kioski, useme unafunga leo unafungua kesho. (Waliokuwa wakiishi kwa malori waliziona siku hizo ndefu mno, lakini hiyo ni barua nyingine.) Makato ya mshahara ni tofauti. Kuyasimamisha ni kazi ya mhasibu na kompyuta yake, asubuhi moja. Kuyarudisha ndiko hakuna ajuaye kunaanzia wapi.

Mahakama ya Rufaa ililiona hilo. Januari 26, 2024 ilikataa kuisitishia serikali uamuzi wa Mahakama Kuu, ikisema kwamba hatua kubwa zikichukuliwa sasa, kisha rufaa ikashindwa, huenda zisiweze kutenguliwa. Maji yakishamwagika hayazoleki. Machi 19 Rais akatia saini sheria mpya ya nyumba za bei nafuu, iliyowagusa hata wasioajiriwa rasmi, na ile 1.5 ikarudi. Sawa, Bunge limeziba ufa ulioonyeshwa. Lakini zile fedha tulizokatwa 2023 je?

Wakili atanijibu kwamba huenda serikali ikashinda mbele ya safari. Ni kweli, na imewahi kutokea: Sheria hiyo hiyo ya Fedha ya 2023 ilifutwa yote na Mahakama ya Rufaa Julai 31, 2024, kisha Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikaifufua. Basi, ikiwa mshindi hajulikani hadi mwisho, kwa nini upande mmoja wa kesi ndio ushike fedha na kuzitumia huku mchezo ukiendelea?

Mimi nikishindwa kesi ya deni, nikaomba utekelezaji usimame ili nikate rufaa, mahakama itanidai dhamana. Mara nyingi huamriwa fedha ziwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili, zizae riba hadi rufaa iishe. Kanuni za kesi za madai zimeiondolea serikali sharti hilo. Inaaminiwa tu.

Ombi langu kwa majaji ni dogo. Mkiona lazima msitishe uamuzi unaohusu ushuru, amrini kinachokusanywa katika kipindi hicho kiwekwe kando, kisiguswe. Serikali ikishinda, ichukue chote pamoja na riba. Ikishindwa, kila mtu arudishiwe chake, na majina yapo tayari kwenye orodha za mishahara.

Hati zangu za mshahara za Julai hadi Desemba 2023 ninazo, zimo kwenye faili moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mwalimu,
Likoni, Mombasa