Mama Mapacha, nimetoka nyumbani

Reading, Uingereza
2 Februari 2025

Mama Mapacha, shoga yangu wa dawati moja,

Salamu nyingi. Wanangu hawajambo? Huko Houston nasikia mnalalamika baridi mwaka huu, nikacheka. Njooni Reading mwione baridi lenyewe. Nilirudi Jumatano, Alhamisi usiku nikaingia zamu, na wazee ninaowatunza wakaniuliza kama nimewaletea jua. Nikawaambia jua limekataliwa uwanja wa ndege, nimekuja na tangawizi.

Picha za darasa tulilochangia kujenga kwenye shule yetu ya msingi kule Upareni nimeshampa mweka hazina wa kikundi chetu, utaziona kwenye kundi. Lakini kuna mambo hayaingii kwenye picha, ndiyo maana nimekaa nikuandikie barua kama zile za zamani. Sauti za dakika moja moja wewe unazisikiliza ukiwa barabarani, halafu unanijibu kidole gumba.

Nilipanda kutoka Same mjini wiki shule zilipofunguliwa. Noah ya watu saba tuliingia kumi na mmoja, na mapajani nikapewa kuku wa mama nisiyemfahamu. Kwenye zile kona za juu tukashuka kusukuma. Ukungu, matope, harufu ya mikaratusi, yaani hakuna kilichobadilika, isipokuwa mimi niliyepumua kama mgonjwa wa pumu huku mabibi wenye mizigo kichwani wakinipita na kunipa pole.

Darasa lipo, Mama Mapacha. Bati la bluu, madirisha ya nondo, sakafu haijapata ufa hata mmoja. Nililipiga teke kidogo pale kizingitini, kama anavyofanya mtu anayenunua gari. Ndani walikuwa watoto wa darasa la nne. Mwalimu alipokuwa ananitambulisha mimi nilikuwa nahesabu vichwa, wakafika 58, na kiwango cha serikali ni 45. Lakini mwaka jana hao hao walikuwa wanasomea chini ya ule mfenesi, na mvua ikinyesha wanapelekwa nyumbani. Ubao ni mpya, mweusi kweli kweli, siyo ule wetu wa kijivu tuliokuwa tunaupaka majani na mkaa kila Ijumaa.

Sasa nikueleze habari ya kibao cha majina yetu wachangiaji.

Unakumbuka tulivyogombana wiki mbili nzima, kiwe cha marumaru au cha bati, majina yapangwe kwa herufi au kwa kiasi alichotoa mtu. Na aliyeshupaa kwamba majina yote 22 yaandikwe ni mimi, sikatai. Kimebandikwa nje, kushoto mwa mlango. Nilikuwa nimesimama hapo nalitafuta jina langu (ndiyo, nilikuwa nalitafuta), akaja bibi mmoja aliyemleta mjukuu kuandikishwa. Akasimama pembeni yangu, akaanza kusoma polepole, kidole kinafuata mstari hadi mstari, mpaka jina la 22. Kisha akaniuliza, "Na sisi tumeandikwa wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alidhani kuna kibao cha pili upande wa pili wa jengo. Nikamwambia bado hakijabandikwa. Mungu anisamehe, sikuwa na jibu lingine.

Nilipoingia ofisini kwa mwalimu mkuu nikamwomba anionyeshe hesabu za ujenzi. Nilitegemea bahasha ya risiti. Risiti zilikuwepo, zimechomwa kwenye mwiba wa waya kwa tarehe, lakini akatoa na daftari kubwa la kaunta, jalada limefungwa kwa gazeti. Humo ndani kuna kila siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji: tarehe, kitongoji, kazi iliyofanyika, waliofika. Siku 41. Nimesoma ukurasa mmoja nikaunakili ili nikuletee: mawe ya msingi kutoka korongoni, wanawake 63, wanaume 19. Ukurasa unaofuata ni mchanga kutoka mtoni, na wewe unajua mto ulipo na shule ilipo. Mchanga wote wa lile darasa umepanda kwa ndoo, kichwani. Maji ya kuchanganyia zege vilevile. Kuna siku imeandikwa "mvua, watu 7", na chini yake saba hao wametajwa kwa majina.

Karibu na mwisho wa daftari ndipo tulipo sisi. Mstari mmoja: "Wadau walio nje ya nchi: saruji, bati, mbao za kenchi, misumari, rangi."

Mstari mmoja, shoga yangu. Na siwezi kusema aliyeandika amekosea.

Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa zile fedha za UVIKO, darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Letu limesimama kwa fedha taslimu isiyofika nusu ya hiyo. Mimi nimekuwa nikijisifia jambo hilo hapa Reading kwenye sherehe za watu, eti sisi Wapare tunajua kubana hela. Unajua wanavyotutania, Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki kesi ya kuku. Kumbe hatukubana chochote. Tofauti yote ile imelipwa na vichwa vya akina mama.

Tena mwalimu aliniambia kuwapata tu haikuwa kazi ndogo. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wapo wazazi walioelewa kwamba serikali imechukua kila kitu, wao walete mtoto tu. Mwalimu haruhusiwi kumlazimisha mzazi kuchangia, na mimi naona ni sawa, maana sisi tulirudishwa nyumbani mara ngapi kwa sababu ya michango? Ila hapo katikati msaragambo ulikuwa umelegea. Kilichorudisha watu ni mwenyekiti wa kijiji kuonyesha picha za bati zikiwa dukani Same, zimelipiwa. Watu wakasema kama bati zipo kweli, basi tubebe mawe. Kwa hiyo nasi tuna letu. Sitaki uone kama najidharau mpaka nikutie uvivu wa kuchanga.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kontena la kompyuta.

Najua wewe na kaka wa Maryland mmeshapata zile kompyuta, na najua shule inayozitoa kwa bure imekupeni mpaka Aprili. Naomba unisikilize kabla hujakasirika. Unakumbuka kontena la vitabu? Tulilipia usafiri, halafu bandarini Dar es Salaam karatasi ya msamaha wa kodi ikakosekana, gharama za stoo zikawa zinapanda kila siku mpaka wakala wa forodha akawa anatupigia kwa huruma. Nimeviona vitabu hivyo. Vipo kwenye kabati, vimepangwa vizuri, visafi mno. Hakuna anayevigusa. Shule yetu ya msingi inafundisha kwa Kiswahili, mtaala ni wa Tanzania, na sisi tumewapelekea vitabu vya Kiingereza vya mtoto anayejenga mtu wa theluji. Mwalimu hakusema neno baya. Alisema, "Vinatusaidia sana wageni wakija."

Na kompyuta? Umeme umefika gulioni, shuleni bado. Hata ukifika, luku italipwa na nani? Nilimuuliza kuhusu ruzuku. Ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, zinazoingia shuleni ni 6,000. Wanafunzi ni 312. Piga mwenyewe: 1,872,000 kwa mwaka, sawa na 156,000 kwa mwezi, na humo kuna chaki, mitihani, ukarabati, michezo na karatasi za ofisi. Nikakumbuka ninacholipa kwa wiki kwa gesi na umeme wa nyumba hii yenye vyumba viwili, nikaona aibu kubadilisha hiyo pesa kichwani.

Nikamuuliza, ungepewa wewe uchague, ungechagua nini? Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anapima kama naweza kuudhika. Kisha akaniambia nifuatane naye, nimwone mwalimu wa hisabati.

Ni kijana, ametoka Sengerema, ana miaka miwili kazini. Amepanga chumba kule gulioni kwa sababu huku juu hakuna nyumba. Kila asubuhi anapanda kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nilimkuta nyuma ya ofisi anaosha matope kwenye buti za mpira, viatu vyake vya darasani viko kwenye mfuko wa rambo, vimepigwa kiwi vinang'aa. Alivivaa, akafunga kamba, akakung'uta suruali, akaingia darasa la saba. Nilikaa nyuma nikamsikiliza akifundisha hesabu za sehemu kwa kukata chungwa. Mama Mapacha, mimi na wewe tulifeli sehemu kwa sababu hakuna aliyetukatia chungwa.

Mke wake ni mjamzito na yuko Sengerema. Ameshaomba uhamisho. Waliomtangulia wawili waliondoka hivyo hivyo, na baada ya wa pili darasa la saba walikaa muhula mzima bila hisabati. Mwalimu mkuu alisema, "Darasa mmetupa, tunashukuru. Sasa tusaidieni mtu wa kusimama ndani yake asiondoke."

Kwa hiyo pendekezo langu ni nyumba ya walimu. Nyumba moja ya kuishi familia mbili, ukuta mmoja katikati, mapacha kama wanao. Kiwanja kipo, serikali ya kijiji imeshaandika muhtasari. Msingi na tofali watafanya wao, wameshasema, na mhandisi wa halmashauri lazima aje kukagua tangu msingi, siyo bati zikishawekwa. Fedha zetu ziingie akaunti ya shule benki, zisiguse simu ya mtu yeyote. Najua unachofikiria, ni ile mifuko 40 ya saruji iliyogeuka bodaboda. Yule ni ndugu yangu wa damu na bado sijamaliza aibu yake. Bodaboda yenyewe ndiyo iliyonishusha siku ya kuondoka, akanidai na nauli.

Kuna jambo la pili, dogo kwa fedha lakini lisiachwe. Wasichana ni 160. Kiwango ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, kwa hiyo yangetakiwa manane. Yapo matatu, na moja mlango wake ni kanga. Mwalimu wa kike aliyepo ni mmoja tu, aliniambia wale wakubwa wa darasa la sita na la saba kila mwezi kuna siku hawaji, na hakuhitaji kunieleza zaidi. Na sisi tulikuwa hatuji, umesahau? Tulikuwa tunasema malaria.

Kwenye kikao nategemea upinzani. Kaka wa Maryland atasema nyumba ya mwalimu ni kazi ya serikali. Ni kweli, na darasa nalo lilikuwa kazi ya serikali. Mwingine atasema kompyuta zinapigwa picha vizuri kwenye harambee na choo hakipigwi. Hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu ni kweli pia: mwaka wa darasa tulipata wachangiaji wapya sita, sijui choo kitatuletea wangapi. Hapo nahitaji ulimi wako. Mimi nikiongea wanaona nimetoka nyumbani juzi nimejaa huruma. Wewe unaheshimika kwa ukali.

Kompyuta usizirudishe zote. Omba mbili tu, za kubeba mkononi, apewe mwalimu mkuu na mratibu elimu kata kwa kuchapia mitihani. Sasa hivi wanateremka Same kulipia kila ukurasa. Mtu akisafiri anazibeba kwenye begi.

Kikao ni Jumapili ijayo saa mbili usiku kwa saa za huku, kwenu itakuwa saa nane mchana. Jumamosi imeshindikana, nusu ya kikundi ni Wasabato na nusu nyingine tuko zamu. Nipigie kabla, hata Ijumaa, nikusomee makadirio ya fundi. Ameandika kwa kalamu ya risasi na nusu ya vipimo ni kwa futi.

Na kibao, naomba tukitoe. Au kibaki, lakini lile daftari la kaunta tulipe mtu alichape majina yote, siku zote 41, na wale saba wa siku ya mvua, libandikwe upande wa kulia wa mlango. Nimeshampigia fundi marumaru wa Same kumuuliza bei. Anatoza kwa herufi. Mpare mwenzetu.

Mama anakusalimu sana. Amekutumia makande yaliyokaushwa kwenye mfuko wa unga, kilo mbili, na tangawizi. Nimeyapitisha uwanjani kwa maombi. Nitakutumia na yule dada anayekuja Houston mwezi wa tatu. Yaloweke usiku kucha, siyo saa moja kama ulivyofanya mara ile.

Wako,
Mama mdogo wa mapacha