Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili kuhusu rasimu ya somo la kanzidata za grafu

Njiro, Arusha

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: TATHMINI YA RASIMU YA SOMO LA KANZIDATA ZA GRAFU KWA WANAFUNZI WA USIMAMIZI WA TEHAMA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni meneja wa TEHAMA katika taasisi moja ya hapa Arusha inayoendesha zahanati na shule, na ni miongoni mwa wadau wa nje mliowaomba kuisoma rasimu hii kabla haijapelekwa Seneti. Fomu niliyopewa ilikuwa na visanduku vya kutia alama ya vema na mistari mitatu ya maoni. Maoni yangu hayakuenea humo, na kwa kuwa watakaolipa ada ya somo hili pamoja na waajiri wao wana haki ya kuyajua, nimeona niyaandike hadharani, kwa heshima zote.

Somo hili silipingi. Nalitaka, na sababu ninayo. Miaka michache iliyopita tulizima seva moja kuukuu ambayo orodha yetu ya vifaa ilionyesha kuwa haina kazi tena. Ilikuwa Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi dirisha la dawa halikuweza kuchapa lebo, wahasibu hawakuweza kuingia katika mfumo wao, na ilituchukua karibu siku nzima kugundua kwamba seva ile ndiyo iliyokuwa ikitafsiri majina ya mitambo mingine kuwa anwani zake. Orodha yetu haikuwa na kosa: kila kifaa kilikuwamo, na namba yake, na mwaka kiliponunuliwa. Kilichokosekana ni nani anamtegemea nani. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za kanzidata za grafu, ambamo uhusiano kati ya kitu na kitu huhifadhiwa wenyewe kama taarifa, badala ya kuungwa upya kutoka katika majedwali kila swali linapoulizwa. Nikaandika maombi ya fedha za kununua programu. Mkubwa wangu aliyasoma, akaniuliza kwa nini jedwali moja la nyongeza lisitoshe, nami nikakosa jibu.

Jibu hilo ndilo nililolitafuta katika rasimu yenu, ukurasa kwa ukurasa, na sikulipata. Wiki sita kati ya kumi na tano zimetengwa kwa kuendesha programu ya kampuni moja, kuanzia kuisakinisha hadi kuandika maswali kwa lugha yake, na mtihani wa mwisho unapima mambo hayohayo. Hakuna mahali ambapo mwanafunzi anaulizwa kama grafu inahitajika. Hao ni wanafunzi wa usimamizi, wengi wao wanatoka kazini na kuingia darasani jioni, na kesho hawatakuwa wanaandika maswali hayo bali watakuwa wakiidhinisha ununuzi au kuukataa.

Nafasi ya kulifundisha jambo hilo ipo. Kiwango cha SQL, lugha ya kuulizia kanzidata za majedwali, cha mwaka 1999 tayari kiliruhusu swali linalojirudia lenyewe, linalofuata utegemezi hatua kwa hatua hadi mwisho wake. Kwa ofisi yenye vifaa mia mbili na minyororo ya hatua tatu au nne, jedwali la viungo na swali la namna hiyo vinatosha, bila leseni mpya wala mtumishi mpya. Nakiri kwamba hata kisa chetu cha seva kilikuwa cha aina hiyo. Grafu huanza kulipa gharama yake pale urefu wa mnyororo usipojulikana mapema, aina za uhusiano zinapokuwa nyingi, na maswali mapya yanapozuka kila siku. Waandishi wa habari waliochunguza nyaraka za Panama, yaani nyaraka zilizovuja kuhusu kampuni za kuficha mali ng'ambo na kutangazwa mwaka 2016, walikuwa na nyaraka milioni 11.5, na swali lao kubwa halikuwa kampuni ziko ngapi, bali mtu huyu anafikaje kwenye kampuni ile na kwa kupitia nani. Walitumia kanzidata ya grafu, na ilikuwa halali yao.

Kwa hiyo napendekeza alama nyingi zihamishwe kutoka mtihani wa mwisho kwenda kwenye kazi moja: mwanafunzi apewe visa viwili, kimoja kinachofaa grafu na kingine kisichofaa, bila kuambiwa kipi ni kipi; avijenge vyote kwa majedwali na kwa grafu, apime, kisha aandike ushauri wa kurasa mbili kwa mkubwa wake, pamoja na gharama. Anayeshauri tusinunue aweze kupata alama A.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ingetosha kuwa kisa kimojawapo. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchini, na baadhi yetu tuliokuwa tukilipia laini mbili kutoka kampuni mbili, tukidhani tumejikinga, tukagundua kwamba zote zilitegemea nyaya zilezile.

Kuhusu lugha ya kuandikia maswali, sioni sababu ya kumfunga mwanafunzi kwa kampuni moja wakati Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha lugha ya grafu, GQL, mwezi Aprili 2024, na mwaka mmoja kabla yake SQL yenyewe ilikuwa imeongezewa sehemu ya kuulizia grafu. Historia nayo imepewa wiki mbili. Nayapenda madaraja saba ya mji wa Königsberg na hoja ya mwanahisabati Euler ya mwaka 1736, kwamba huwezi kuyavuka yote mara moja moja tu, ambayo ndiyo chimbuko la grafu, lakini nusu saa inayatosha.

Wiki hizo mbili zihamishiwe kwenye jambo ambalo rasimu haikuligusa kabisa, nalo ni utunzaji. Fundi akibadilisha swichi ya mtandao katika tawi la Sakina saa mbili usiku, nani anaihuisha grafu, na lini? Ramani ya utegemezi iliyopitwa na wakati ni ya hatari kuliko kukosa ramani, kwa sababu watu huiamini. Tena grafu inayounganisha watumishi, simu zao na milango wanayoruhusiwa kuingia hufichua mambo ambayo jedwali moja moja lisingefichua, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kutumika tangu Mei 2023. Meneja asiyelijua hilo ataiingiza taasisi yake matatani kwa nia njema kabisa.

Limebaki suala la namna mtakavyojua kama somo limefaulu. Rasimu inategemea hojaji ya mwisho wa muhula, inayouliza kama mhadhiri alifika kwa wakati na kama vitini vilisomeka. Donald Kirkpatrick alitenganisha ngazi nne za tathmini ya mafunzo tangu mwaka 1959, yaani mtazamo wa mwanafunzi, alichojifunza, anachofanya tofauti kazini na matokeo kwa taasisi. Hojaji yenu inaishia kwenye ngazi ya kwanza. Wapeni kisa kifupi siku ya kwanza na kingine cha kiwango hichohicho siku ya mwisho, majibu yote yasahihishwe na mtu wa nje asiyejua yapi ni ya lini. Kisha, baada ya miezi sita, mtu aende kwa waajiri wao, ambao wengi wako hapahapa Arusha na Moshi, akaangalie kama ramani waliyoijenga darasani bado inahuishwa. Darasa lenyewe ni dogo, kwa hiyo kazi hiyo haihitaji bajeti ya utafiti, inahitaji mtu mmoja na nauli.

Naomba rasimu irudishwe kwenye kamati ya mtaala kabla ya kikao cha Seneti. Kwa upande wangu niko tayari kuwapa orodha yetu ya vifaa, majina na anwani zikiwa zimeondolewa, pamoja na yale maombi yangu ya fedha yaliyokataliwa, ili wanafunzi wayasahihishe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Meneja wa TEHAMA, Njiro