Chester naye alikuta kundi lipo

Kibokoni, Mombasa
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Swahibu yangu,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima wa afya, na shemeji na kijana wako nao hawajambo. Huku kwetu sote salama, alhamdulillah. Mguu wa Mama umepona, sasa ameanza tena kwenda sokoni mwenyewe na hataki kabisa kubebewa kikapu.

Ujumbe wako kuhusu Linkin Park, lile kundi la roki la Marekani, nimeusoma, nikaona si wa kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Umesema bila Chester Bennington, mwimbaji wao marehemu, hakuna kundi, limebaki jina tu, na kwamba huo wimbo wao mpya, wenye mwimbaji mpya, hujausikiliza wala huna haja nao. Najua uchungu huo umetoka wapi. Albamu yao ya Meteora ilipotoka mwaka 2003 mimi na wewe tulikuwa tungali shule, na ni wewe uliyeyanakili mashairi yote kwa biro kwenye daftari la hesabu: ukiligeuza upande huu ni aljebra, upande wa pili ni Linkin Park. Sidii yenyewe ilikuwa ya kuchomwa, imekwaruzika, nasi tunairudisha nyuma kila mstari mpaka tulinase neno. Mtaa mzima ni taarab na nyimbo za Kihindi, na watu wa nyumbani wakipita mlangoni wanatuuliza huyo anayepiga ukelele ana nini, kafiwa? Tulikosa la kuwajibu. Lakini sisi tulimwelewa. Alikuwa mwanamume mzima anayesema waziwazi kwamba moyoni mwake hamko sawa, jambo ambalo sisi watoto wa kiume hakuna aliyetwambia kwamba linaruhusiwa kusemwa.

Kwa hiyo alipojitoa uhai tarehe 20 Julai 2017, nilipoona umeacha kuwasikiliza sikushangaa. Imebaki wiki moja tu waanze ziara yao ya Marekani, albamu ya One More Light haijatimiza hata miezi mitatu. Uliniambia wakati ule kwamba kila ukisikia sauti yake unajiona kama ulikuwa ukiufurahia ugonjwa wa mtu. Sijalisahau neno hilo. Nadhani ndilo linalokuzuia mpaka leo, kuliko huyo mwimbaji mpya.

Sasa tazama jinsi wenyewe walivyoenda. Bendi nyingine, AC/DC, walimzika mwimbaji wao Bon Scott mwaka 1980 mapema, na mwezi wa Julai mwaka uo huo albamu ya Back in Black ilikuwa imeshatoka, Brian Johnson anaimba. Siwalaumu, ile ni kazi kubwa. Linkin Park walishika njia nyingine. Oktoba 2017 walifanya tamasha la kumkumbuka pale Hollywood Bowl, Los Angeles, waimbaji wengi wakipokezana nyimbo zake. Lakini ilipofika zamu ya wimbo wa Numb hawakumpa mtu. Waliiacha maikrofoni peke yake, taa imeimulika, vyombo vikapigwa, na maelfu ya watu wakaimba wao. Baada ya hapo, kimya cha miaka. Walichokuwa wakitoa ni akiba ya zamani yenye sauti yake mwenyewe: Lost mwaka jana, iliyorekodiwa wakati wa Meteora, na Friendly Fire mwaka huu, iliyobaki kwenye kazi ya One More Light. Miaka saba hawakumweka mtu pale mbele. Ukitafuta heshima, hiyo ndiyo heshima.

Halafu ikaja tarehe 5 mwezi huu. Kwetu ilikuwa saa saba ya usiku, kuamkia Ijumaa. Nilinunua bando mapema nikakaa na visikizio ili nisiwaamshe watu. Walikuwa wanatangaza moja kwa moja mtandaoni, mbele ya hadhira, na hawakufungua kwa wimbo wa zamani. Walifungua kwa huu mpya, The Emptiness Machine.

Niache nikueleze ulivyojengwa, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo. Linaingia gitaa, kisha Mike Shinoda, mghani wao wa tangu mwanzo, anaanza kuimba. Haghani, anaimba, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza na aliyemuumiza. Ubeti wa kwanza wote ni wake. Kiitikio nacho ni chake. Kufikia hapo ungedhani wameamua hivyo, kwamba Mike sasa atabeba yote na mambo yamekwisha. Ndipo ubeti wa pili unapoingia na sauti nyingine kabisa, ya mwanamke, ina mkwaruzo kama sauti ya mtu aliyekesha. Huyo ni Emily Armstrong. Haingii kwa kishindo. Anaanza karibu na pale Mike alipoachia, kisha kiitikio kinaporudi anakipandisha, na Mike hayuko tena mbele, amebaki ubavuni. Mpaka kufika mwisho yule dada anapiga ukelele ule unaoujua, unaotoka chini ya mbavu, na wewe msikilizaji umeshamkubali kabla hujaulizwa kama unamkubali.

Wangeweza kumfungulia yeye wimbo, aanze yeye, dunia ipate habari kwa mara moja. Hawakufanya hivyo. Nilimwekea jirani yetu, yule fundi wa kinanda anayepiga kwenye maharusi, mtu ambaye muziki wa magitaa makali hana habari nao. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole kinafuata mdundo juu ya goti. Ulipokwisha akataka aurudie mwanzo. Akasema, “Yule wa kwanza ndiye mwenye nyumba. Mgeni amepiga hodi, na mwenyewe ndiye aliyemwitikia karibu.” Mimi sikuwa nimemwambia lolote, si habari za Chester, si habari za miaka saba. Kayasikia hayo ndani ya dakika tatu na kidogo za wimbo.

Maneno yenyewe yanahusu mtu aliyejitoa kwa kitu kinachomla, kwa sababu tu alitaka awe na pahala pake. Tungeyanakili haya kwenye lile daftari, nakuapia.

Na kuna jambo ambalo naona umelisahau, au pengine hatukuwahi kulizungumza. Chester hakuanzisha Linkin Park. Kundi lilianza mwaka 1996 kule California, vijana wa shule, wakijiita Xero, na mwimbaji wao alikuwa Mark Wakefield. Huyo akaondoka. Chester alikuwa Arizona, bendi yake ya nyumbani imevunjika, akatumiwa kanda ya majaribio mwaka 1999. Ilikuwa wakati wa siku yake ya kuzaliwa, watu wamemwandalia sherehe. Akaiacha akaenda kurekodi sauti yake juu ya ile kanda. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yao ya kwanza, Hybrid Theory. Kwa hiyo hata yeye, tunayemlilia, alikuta kundi lipo, lina nyimbo zake, akaingia kwenye nafasi iliyokuwa ya mtu mwingine. Kama mwaka 1999 mtu angesema bila Wakefield hilo ni jina tu, mimi na wewe tusingepata kitu. Na albamu yao mpya, wametangaza itatoka tarehe 15 Novemba, wameiita From Zero. Ukilijua lile jina lao la kwanza, unaona wanarudi wapi.

Unasema wangebadilisha jina. Jina ni la nani basi? Mike yupo, Joe Hahn yupo, Phoenix yupo kwenye besi, Brad Delson bado yumo katika kuutunga na kuurekodi muziki ingawa jukwaani kwa sasa gitaa lake analipiga mwingine. Aliyeondoka ni Rob Bourdon, mpiga ngoma, kwa hiari yake, na nafasi yake ameshika Colin Brittain. Hao ndio waliomzika mwenzao. Kuwaambia walivue na jina ni kuwaongezea msiba.

Tena sisi watu wa Mombasa, katika watu wote, tungekuwa wa mwisho kushangaa. Nyimbo za Juma Bhalo tumekulia juu yake, na mashairi mengi aliyoyaimba yalikuwa ya Ahmad Nassir. Kalamu ya mmoja, koo ya mwingine, na hakuna aliyeona kasoro. Juma Bhalo alifariki 2014. Nyimbo zake zingali zinaimbwa kwenye maharusi, na anayeziimba hadai kuwa ni Juma Bhalo, wala wasikilizaji hawamtaki awe. Wanautaka wimbo uendelee kuwapo. Ama hilo la mwimbaji kuwa mwanamke, ambalo naona limewasumbua wengine huko, kwetu wapi lingesumbua? Zuhura Swaleh alisimama mbele ya Maulidi Musical Party, wanaume wamekaa nyuma yake na vyombo, na mji mzima ukimsikiliza.

Sitaki nikufiche kitu. Yako maneno juu ya Emily, na nakujua utayakuta. Miaka ya nyuma aliwahi kufika mahakamani kumuunga mkono mtu aliyekuwa anamjua, ambaye baadaye alitiwa hatiani kwa makosa mabaya dhidi ya wanawake. Siku moja baada ya wimbo kutoka aliandika hadharani kwamba alimhukumu vibaya yule mtu, na kwamba hajazungumza naye tangu wakati ule. Kuna walioridhika na kuna wasioridhika, na wasioridhika wana haki yao. Mimi nimeyapima nikaona naweza kumsikiliza. Wewe pima yako. Lakini iwe ni kwa sababu hiyo ukikataa, isiwe kwa sababu eti amekaa mahali pa Chester. Hajakaa. Yeye ana bendi yake, Dead Sara, ya Los Angeles, ana sauti aliyoitengeneza mwenyewe kwa miaka mingi, na unaisikia hiyo sauti kwenye huu wimbo, haigizi mtu.

Sasa hiyo tikiti ya mwenzako wa kazini. Umeitaja kwa mstari mmoja chini kabisa, kana kwamba haina maana: Jumanne ijayo, tarehe 24, pale ukumbi wa O2, London, na wewe umemwambia utaona. Swahibu, usione. Ikubali leo kabla hajampa mtu mwingine. Ziara yenyewe ni miji michache tu: wameanza Los Angeles wiki iliyopita, wakapita New York, Jumapili hii wako Hamburg, kisha wanakuja kwako, wewe unayefika pale kwa treni. Mimi niko Mombasa, hawana siku watakayopiga hapa. Na ukumbi huo ndio aliosimama Chester tarehe 3 Julai 2017, siku kumi na saba kabla ya kifo chake. Ulikuwa umeshahamia huko wakati ule na hukwenda, ulikuwa na zamu ya usiku. Uliniambia utawaona ziara nyingine.

Nakuomba usiende kumpima Emily dhidi ya marehemu kila wimbo. Utachoka, na utamkosa yeye na utamkosa Chester pia. Zitakapopigwa nyimbo za zamani, wasikilize walio karibu nawe. Nimeona picha za video za yale maonyesho ya kwanza: yeye anaimba, na kuna mahali ananyamaza kabisa akainyoosha maikrofoni kwa watu, nao wanamaliza. Maneno hayo unayo yote, uliyaandika kwa mkono wako. Imba. Na ukilia lia, hakuna anayekujua pale, na wengi wa rika letu watakuwa wanalia vile vile.

Kabla ya Jumanne usikilize huu wimbo mara moja, peke yako, kwa visikizio vizuri, si kwa spika ya simu. Ngoja ubeti wa pili. Halafu ukitoka O2, hata kama ni usiku wa manane, nitumie ujumbe wa sauti unieleze ule ubeti wa pili ulivyosikika humo ndani: kama watu walinyamaza alipoingia, au waliimba naye, na Mike alisimama upande gani. Nitakuwa macho.

Mama anakusalimu sana na anamuuliza kijana kama ameanza kusoma juzuu ya kwanza. Nisalimie shemeji.

Wasalaam,
Nduguyo wa Kibokoni